Kijana wa miaka 17, gari la nyumbani na safari ya saa 5 usiku: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kisa hiki kimetoka katika mji mmoja mkubwa wa Tanzania. Majina, mtaa, tarehe na aina ya gari vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa mafunzo yake yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Ni familia ya baba, mama na watoto watatu. Baba anafanya kazi mkoani na hurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama anauza mboga na matunda, na mzigo wake lazima aufuate sokoni kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, kabla wenzake hawajachagua vilivyo bora. Hana leseni na hajawahi kushika usukani. Gari lipo nyumbani: dogo, la Kijapani, otomatiki, cc 1300, lenye bima ndogo tu, yaani ile inayolipa hasara ya mtu wa tatu. Ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebule.

Mtoto mkubwa alikuwa na miaka 17, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Hiki ni kipindi cha hatari ambacho wazazi wengi hawakihesabu. Kijana yuko nyumbani miezi kadhaa, hana ratiba, ana nguvu, na kila mtu ana kazi ya kumtuma. Binamu yake mwenye leseni alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, Jumapili nne mfululizo. Alijifunza kuliwasha gari, kuliondoa, kukata kona na kurudi nyuma. Kwa gari la otomatiki hayo hayachukui muda. Mwezi haukwisha, akawa anampeleka mama sokoni. Fedha ya bajaji ya kila alfajiri ikabaki nyumbani, na hakuna aliyelalamika.

Kisheria hapakuwa na utata. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, asiyetimiza miaka 18 hapewi leseni ya kuendesha gari, na mwenye gari anayemruhusu mtu asiye na leseni kuliendesha naye anatenda kosa. Baba alijua. Alipopigiwa simu alisema, "Sokoni tu, na asipite barabara kubwa." Sharti hilo halikuweza kutekelezwa, kwa sababu njia ya sokoni inapita barabara kubwa.

Kilichotokea

Ilikuwa usiku wa sherehe ya kumuaga bibi harusi katika ukoo. Mama alikuwa jikoni na wenzake, baba yuko mkoani. Karibu saa 5 usiku watoto walianza kusinzia na mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Mmoja wa watu wazima alisema wapelekwe nyumbani. Kijana akamfuata mama: "Mama, niwapeleke hawa nirudi?" Mama akajibu, "Wapeleke, lakini polepole."

Waliingia watu watano: yeye, rafiki yake wa rika moja kiti cha mbele, na watatu nyuma, wawili kati yao wakiwa na miaka 15 na 16. Wa mbele walifunga mikanda. Wa nyuma hawakufunga, na hakuna aliyewaambia.

Baada ya dakika chache kioo cha mbele kiliweka ukungu. Watu watano wenye nguo zilizolowa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, kiyoyozi kimezimwa: unyevu wa pumzi unaganda kwenye kioo kilichopoa. Kijana alikuwa anafuta kwa kiganja, akibakiwa na upenyo wa kutazama usiozidi sahani. Dawa yake ni kuwasha kiyoyozi, kuelekeza upepo kwenye kioo cha mbele na kushusha madirisha kidogo, na katika dakika moja au mbili kioo kinakuwa safi. Uwanjani, mchana, jua kali, jambo hilo halikuwahi kujitokeza.

Barabara ilikuwa ya njia mbili, eneo la makazi ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Waliokuwa ndani walieleza baadaye kwamba mshale ulikuwa karibu na 70. Muziki ulikuwa juu, na rafiki wa mbele alikuwa akimwonyesha kitu kwenye simu. Mbele yao bodaboda ilipunguza mwendo ikitaka kukata kulia. Kijana aliiona kwa kuchelewa, akakanyaga breki na kuvuta usukani kushoto ili aipite upande huo. Kioo cha pembeni kilimgonga dereva wa bodaboda kwenye mkono, akaanguka. Magurudumu ya kushoto ya gari yakatoka kwenye lami na kutumbukia kwenye ukingo ulioliwa na maji, kina cha kama sentimita 15.

Hapo alifanya kile ambacho karibu kila dereva mgeni hukifanya: alivuta usukani kulia kwa nguvu ili arudi barabarani. Tairi likiwa limebanwa na ukingo wa lami halipandi polepole. Linakwama, dereva anazidi kukata, kisha linapanda ghafla likiwa tayari limegeuzwa sana, na gari linaruka kuelekea upande wa pili. Gari lilivuka njia ya magari yanayokuja. Akavuta kushoto, likayumba na kuzunguka, likaishia kwenye mtaro na ubavu ukagonga kingo ya zege. Njia ile ya pili ilikuwa tupu kwa sekunde zile. Kingekuja kitu kutoka mbele, tungekuwa tunaandika kisa kingine.

Kijana wa miaka 15 aliyekaa katikati nyuma alirushwa mbele kati ya viti, akavunjika mfupa wa mtulinga na kupoteza jino. Dereva wa bodaboda alichubuka mkono na goti. Kijana mwenyewe alibaki na alama ya mkanda kifuani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulifanyika palepale mtaroni. Mtu mmoja alishauri binamu mwenye leseni aitwe haraka ajitaje kuwa ndiye aliyekuwa anaendesha. Ushauri huu hutolewa sana, na kwa nia njema. Mama aliukataa. Alikuwa sahihi kwa sababu tatu za vitendo: binamu angebeba kesi isiyo yake, maelezo ya uongo polisi ni kosa jingine, na mashahidi walikuwa wengi mno, akiwemo dereva wa bodaboda aliyemwona kijana akitoka upande wa usukani. Majeruhi walichukuliwa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na kupelekwa hospitali, na polisi wakapewa maelezo kama yalivyokuwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa fedha. Bima ndogo hailipi gari lako mwenyewe hata dereva akiwa na leseni. Kwa upande wa mtu wa tatu, dereva akiwa hana leseni, kampuni ikilipa inaweza kumgeukia mwenye gari na kudai irudishiwe. Familia ililipa matibabu yote mfukoni, na dereva wa bodaboda akalipwa pia siku ambazo hakufanya kazi. Gari lilikaa gereji wiki nyingi.

Uamuzi wa tatu ndio uliochukua muda. Baba aliporudi kikaitwa kikao, na mjomba wa kijana, dereva wa mabasi wa miaka mingi, akaalikwa. Baba alitaka kijana asiguse gari mpaka afike miaka 21. Mama alisema adhabu ni sawa, lakini nani atampeleka sokoni? Mjomba aliwasikiliza wote, kisha akasema: "Shemeji, ukimnyima hadi 21, siku ya kwanza akiwa na 21 atakuwa dereva yuleyule wa juzi. Tofauti ni ndevu." Akapendekeza kijana asiendeshe kabisa mpaka atimize 18, halafu apande ngazi moja moja, na kila ngazi iandikwe.

Baba alikubali kwa sharti kwamba ufunguo utoke kwenye msumari na ukae kwa mama, na kwamba mjomba ndiye atakayesema kijana amefika ngazi gani. Mpango wao ulikuwa hivi.

Kabla ya miaka 18: hakuna kuendesha, hata kulitoa gari uani ili lioshwe. Mama arudi kwenye bajaji ya dereva mmoja anayefahamika, kwa malipo ya mwezi.

Baada ya miaka 18: leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena, na chuo cha udereva. Juu ya masomo ya chuo, saa 60 za kuendesha mjomba akiwa kiti cha pembeni, mabango ya herufi L mbele na nyuma. Daftari liandikwe kila safari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, barabara iliyopitwa, hali ya hewa, na kosa moja kubwa la siku hiyo. Saa 10 za kwanza ziwe kwenye eneo tupu, 40 zinazofuata mitaani na barabara kubwa mchana, 10 za mwisho usiku. Mvua ikinyesha siku ya zamu, waende, wasiahirishe.

Miezi 6 ya kwanza baada ya leseni ya daraja D, yaani ya gari dogo la binafsi: asiendeshe kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, asibebe abiria wa rika lake, asitoke nje ya mji, simu ikae ndani ya droo ya dashibodi, na gari lisiwashwe mpaka mikanda yote ifungwe. Miezi 6 inayofuata: abiria kijana mmoja tu, na usiku mwisho saa 5. Mwaka ukiisha bila kosa kubwa, barabara ya mkoani kwanza akiwa na baba.

Mazoezi ya mjomba

Hapa ndipo kazi kubwa ilipofanyika, na panahitaji maelezo.

Zoezi la kwanza lilikuwa kusimama. Kwenye kiwanja kitupu cha changarawe, mwendo wa kilomita 40, mjomba anasema "Simama!" na kijana anakanyaga breki hadi mwisho bila kuachia. Mara ya kwanza aliachia, kwa sababu gari lenye ABS, breki zinazozuia magurudumu kujifunga, hutetemesha pedeli chini ya mguu na yeye alidhani kuna kitu kimeharibika. Dereva asiyewahi kuusikia mtetemo huo mazoezini huachia breki siku ya ajali. Walirudia hadi mguu ukazoea.

La pili lilikuwa ukingo wa lami. Walitafuta barabara ya mtaani isiyo na watu yenye ukingo mfupi, wakaanza kwa kilomita 20. Magurudumu ya kushoto yakitoka, shika usukani kwa mikono miwili ukiwa umenyooka, toa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, acha gari lipungue mwendo lenyewe huku magurudumu mawili yakiwa nje. Ukishapunguza kabisa, tazama nyuma na mbele, kisha rudi kwa kukata kidogo mahali ukingo ni mfupi. Kubaki nje ya lami kwa mita 50 si aibu.

La tatu lilikuwa kusema kwa sauti kila akionacho: "Mtoto kushoto, ana mpira. Daladala imewasha indiketa, abiria watashuka. Boda mbele inapunguza." Dereva mgeni hutazama karibu na boneti, na aliyekomaa hutazama mahali gari litakapofika baada ya sekunde kama 12, ambapo kwa kilomita 50 ni zaidi ya mita 160. Huwezi kuona macho ya mtu yanatazama wapi, lakini ukimsikia akisema, unajua. Katika saa 15 za kwanza za barabarani, daftari linaonyesha kosa lilelile likijirudia: "Amechelewa kuona."

Pia walifanya hesabu za kusimama kwa chaki chini. Kwa kilomita 50 gari hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja na nusu kuona na kukanyaga, umeshakwenda mita 21, na breki kwenye lami kavu zinataka kama 14 nyingine: jumla 35. Kwa kilomita 70, mita 29 zinakwisha kabla breki hazijashika, na jumla ni karibu 57. Pale ambapo gari la 50 limesimama kabisa, gari la 70 bado lina mwendo wa takriban kilomita 62. Kijana aliambiwa atembee kwa miguu kutoka alama moja hadi nyingine. Lami ikilowa, umbali huo huongezeka.

Matokeo

Kijana alifaulu mtihani wa trafiki na kupata leseni miezi michache baada ya kutimiza 18. Mwaka wa kwanza ulipita bila ajali ya barabarani. Alikwangua bampa ya nyuma kwenye nguzo ya geti akirudi nyuma, jambo ambalo mjomba aliliandika na kulipuuza.

Kilichovunjika ni kanuni ya saa 11 alfajiri. Mwezi wa tatu wa leseni, bajaji ya mama ilipata hitilafu, na familia ikakubaliana kijana ampeleke sokoni saa 10 kwa kuwa mama atakuwa naye ndani. Asubuhi moja, akiwa amelala saa tano tu, alipita taa nyekundu bila kuiona. Mama alikuwa amesinzia. Kijana mwenyewe ndiye aliyelisema nyumbani. Familia ilirudi kwenye bajaji, na gharama yake ikaingizwa rasmi katika matumizi ya biashara ya mama.

Uchambuzi

Kosa la mzizi halikuwa umri wa kijana peke yake, wala si uzembe wa mama. Kijana alipewa usukani kwa sababu nyumba ilikuwa na pengo la dereva, si kwa sababu alikuwa ameiva. Pengo la namna hii hufanya kila mtu aone dalili za ukomavu: ametulia, anajua kurudi nyuma, hajawahi kugonga. Ndiyo maana hatua iliyookoa zaidi, kwa maoni yetu, ni malipo ya bajaji. Mpaka mama alipopata njia nyingine ya kufika sokoni, hakuna kanuni ambayo ingesimama. Tukio la taa nyekundu lilithibitisha hivyo: pengo lilirudi, na kanuni ikavunjwa siku hiyohiyo na watu walioiandika.

Kuwa na mama ndani ya gari kulihesabiwa kama usimamizi. Haikuwa usimamizi. Msimamizi ni mtu anayejua kuendesha, aliye macho, na ambaye neno lake linasimamisha gari.

Kosa la pili ni kupima ujuzi kwa gari badala ya barabara. Uwanja wa mpira hauna bodaboda, hauna giza, hauna ukungu wa kioo wala rafiki mwenye simu. Gari la otomatiki linazidisha udanganyifu huo, kwa sababu mtu anaonekana dereva ndani ya siku mbili.

Abiria wa rika moja wanastahili kutazamwa peke yao. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha jambo moja bila kutetereka: hatari ya ajali kwa dereva kijana hupanda kila abiria kijana anapoongezeka, na hupanda usiku. Usiku ule vyote viwili vilikuwepo, pamoja na mvua, mwendo na mikanda isiyofungwa. "Polepole" ya mama haikugusa hata kimoja. Agizo ambalo lingeweza kupimwa ni "mmoja mmoja" au "hapana, subirini tuondoke wote".

Je, baba alikosea kutaka miaka 21? Nusu. Umri unasaidia kweli. Kijana wa 21 hujihatarisha kidogo kuliko wa 17, na hilo si dogo. Lakini kusubiri hakumpi mtu uzoefu, na miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake ni ya hatari katika umri wowote. Isitoshe, kijana aliyenyimwa gari hakai tu nyumbani: hupanda bodaboda au huendesha gari la rafiki mahali ambapo hakuna mjomba. Sweden ilishusha umri wa kuanza mazoezi kutoka miaka 17 na nusu hadi 16 mwaka 1993, leseni ikabaki 18, na ajali za madereva wapya waliotumia muda huo kufanya mazoezi mengi zikapungua. New Zealand ilianza leseni ya ngazi mwaka 1987. Huko dereva wa ngazi ya kati haruhusiwi kuendesha peke yake kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, wala kubeba abiria bila msimamizi. Majimbo ya Marekani yalifuata, Florida ikitangulia mwaka 1996.

Kwetu kijana wa miaka 18 akipata leseni ya daraja D, kesho yake anaweza kubeba wenzake wanne usiku hadi mkoa mwingine, na hakuna sheria iliyovunjwa. Ngazi ambazo nchi nyingine zimeziweka kwenye sheria, hapa zinabaki mikononi mwa familia. Tunaamini zinafaa kuwekwa kwenye sheria, kwa sababu si kila kijana ana mjomba wa mabasi. Hadi hapo, swali la kumjibu mzazi anayeuliza kama mwanawe aruhusiwe ni hili: aruhusiwe saa ngapi, na nani ndani, barabara ipi, na baada ya saa ngapi za mazoezi? Mzazi asiyeweza kujibu yote manne hajafikia kutoa ufunguo.

Katika mpango huu tungebadilisha mambo mawili. La kwanza, saa 10 za usiku ni chache. Tungetaka 15, na angalau 3 kati yake zenye mvua. La pili, kanuni ya mikanda ilimtegemea dereva pekee, ilhali vijana huona haya kumwamrisha mkubwa wao. Katika familia hii shangazi mmoja alikataa kufunga mkanda kiti cha nyuma, na kijana akaondoa gari hivyohivyo. Ilibidi baba apige simu kwa ndugu wote kuwaambia kwamba gari lile haliondoki na mtu asiyefunga mkanda, awe nani.

Suala la bima bado halijakamilika. Familia inafikiria bima kubwa, inayolipa hata gari lako mwenyewe, sasa kwa kuwa kijana ana leseni halali. Kabla ya kulipa, wasome kipengele cha madereva wapya: sera nyingi zina kiasi cha ziada ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe dereva akiwa na umri mdogo au leseni changa. Wamtaje kijana kwa jina kwenye fomu ya maombi pamoja na tarehe ya leseni yake, na wabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kumficha ili malipo yapungue kunaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai lote.